Nzi wa Kuelea: Anayetaka Kujifunza Kufunga Chambo cha Trauti Aanzie Wapi

Wakaazi wengi wanaoishi karibu na mito ya Gura, Chania, Thego na Naro Moru wamewahi kumwona mvuvi amesimama majini hadi magotini, akirusha kamba ndefu mbele na nyuma hewani kabla ya kuiacha itue polepole juu ya maji. Ndoana yake haina mnyoo wala tonge la ugali. Kilichofungwa hapo ni uzi na manyoya kidogo, vilivyopangwa vikafanana na mdudu. Huyo ndiye nzi bandia, chambo cha kumvulia samaki aina ya trauti, na kazi ya kumtengeneza bado hufanywa kwa mikono, nzi mmoja baada ya mwingine.

Kwa miongo mingi Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zinazofunga nzi hawa na kuwauza Uingereza, nchi nyingine za Ulaya na Marekani. Wapo wakaazi, wengi wao akina mama, waliosomesha watoto kwa kazi hii. Hata hivyo, anayejaribu kujifunza peke yake mara nyingi huanza vibaya: ananunua ndoana, anachuna manyoya ya jogoo aliyechinjwa sikukuu, anafunga nzi kumi wa aina kumi tofauti, na wote wanazama. Makala haya yanaeleza kinachomfanya nzi aelee, vifaa vinavyohitajika, na kwa nini anayeanza anashauriwa afunge dazeni nzima ya aina moja kabla ya kugusa aina ya pili.

Samaki mgeni na chakula chake

Trauti si samaki wa asili wa mito yetu. Mwaka wa 1905, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, trauti wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti na kuachiliwa katika mto Gura, kwenye safu za Aberdare. Baadaye waliletwa pia trauti wenye ubavu wa rangi ya upinde wa mvua, na Kiganjo kukawa na kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki huyo. Trauti hustawi katika maji baridi, yasiyozidi takriban nyuzi 20 za selsiasi, yanayokimbia na yenye hewa ya kutosha. Ndiyo maana hapatikani Tana ya chini wala kwenye mabwawa ya tambarare.

Chakula chake kikubwa ni wadudu wa majini. Wadudu hawa huishi muda mrefu chini ya mawe wakiwa wachanga, kisha siku moja hupanda juu, hupasua ngozi na kuota mabawa. Kuna wale ambao mabawa yao husimama wima mgongoni kama tanga la mashua, na wakishakomaa hawali tena. Huishi saa chache au siku chache, hutaga mayai na kufa. Kuna wengine ambao mabawa yao hulala mgongoni kama paa la nyumba. Mkaazi anayetaka kuwaona ainue jiwe mtoni, mahali penye maji ya kasi, na kutazama upande wa chini.

Muda ambao mdudu amekaa juu ya maji akisubiri mabawa yakauke ni mfupi, lakini hapo ndipo trauti humpata kwa urahisi. Nzi wa kuelea, ambaye wavuvi wengi humwita nzi mkavu, anaiga muda huo. Akizama, uigaji umekwisha. Kuna nzi waliokusudiwa kuzama, na wanavua vizuri, ila hao hufungwa kwa manyoya laini na kwa namna nyingine.

Kwa nini haelei kila nzi

Ndoana ni chuma, na chuma huzama. Nzi mkavu haelei kwa sababu ni mwepesi kuliko maji, bali kwa sababu uso wa maji una ngozi nyembamba inayoweza kubeba kitu kidogo kikitandazwa vizuri. Sindano kavu ikilazwa polepole juu ya maji kwenye karai hukaa juu. Ikitangulizwa ncha, inazama papo hapo. Nzi hubebwa na nyuzi za unyoya zilizozungushwa nyuma ya kichwa chake. Kila uzi hugusa maji kwa ncha yake, kama miguu ya mdudu, na zikiwa nyingi na ngumu, ndoana yote husimama juu yake.

Basi mambo matatu huamua kama nzi ataelea. La kwanza ni ndoana, ambayo inapaswa kuwa ya waya mwembamba. Ndoana nene ya kuvulia kambare haifai hata ikiwa ndogo. La pili ni unyoya, ambao nyuzi zake ziwe ngumu, zinazong'aa na zisizonyonya maji. La tatu ni vipimo. Nyuzi zikiwa fupi mno haziufikii uso wa maji, na zikiwa ndefu mno hupinda na nzi akalala ubavu.

Vipimo vyenyewe havihitaji rula, kwa sababu ndoana ndiyo rula. Mkia uwe na urefu sawa na shina la ndoana, yaani ile sehemu iliyonyooka. Mabawa, kama yapo, yawe na kimo hichohicho. Nyuzi za unyoya wa shingoni ziwe mara moja na nusu ya uwazi ulioko kati ya shina na ncha. Mafundi wazoefu hupima kwa jicho, lakini anayeanza afanye kila mara: aukunje unyoya kandokando ya ndoana, atazame, ndipo aufunge.

Vifaa

Kifaa cha kwanza ni jiliwa ndogo, au vaisi kama inavyoitwa kwenye karakana nyingi, ya kushika ndoana bila kutikisika. Vaisi ya seremala ni kubwa mno na itavunja ndoana. Kisha inahitajika bobini ya kushikia uzi, ambayo uzito wake huuvuta uzi chini na kuukaza mkono unaposhughulika na kingine, makasi madogo yenye ncha kali, koleo ndogo ya kushika ncha ya unyoya, sindano, nta, na vanishi ya kuziba fundo la mwisho. Ndoana hupimwa kwa nambari, na nambari inavyozidi kuwa kubwa ndivyo ndoana inavyozidi kuwa ndogo. Nambari 12 inamfaa anayeanza. Akizoea, aende 14. Nambari 16 na zile ndogo zaidi zisubiri.

Uzi wa cherehani unafaa kwa mazoezi ya siku za kwanza tu, maana ni mnene na hurundikana kichwani mwa nzi. Uzi wa kazi hii ni mwembamba sana, na jambo la kwanza la kujifunza ni nguvu yake. Wakufunzi wengi humwambia mwanafunzi aufunge kwenye ndoana tupu na kuuvuta hadi ukatike, mara tano au sita, ili mkono ujue mwisho wake uko wapi. Uzi ukilegea, manyoya huzunguka kwenye ndoana. Ukikazwa kupita kiasi, hukatika nzi akiwa karibu kumalizika, na kila kilichofungwa hufunguka.

Mwangaza ni kifaa pia, ingawa hauuzwi dukani pamoja na ndoana. Kaa karibu na dirisha, weka karatasi nyeupe nyuma ya vaisi ili unyoya uonekane, na inua kazi ifike kimo cha kifua badala ya kuiinamia. Wanaofunga nzi kwa saa nyingi hulalamikia macho, shingo na mgongo kuliko vidole.

Ndoana ni ndogo na hupotea. Fanya kazi juu ya sinia, na uwe na sumaku ya kuokotea zilizoanguka. Ndoana iliyobaki sakafuni humchoma mtoto anayetambaa, na ikifagiliwa nje, kuku huidonoa.

Unyoya: jogoo yupi, na sheria inasema nini

Swali ambalo wakaazi wengi huuliza ni kama jogoo wa kienyeji anafaa. Jibu ni ndiyo kwa kiasi fulani. Manyoya ya shingo ya jogoo mkubwa, aliyekomaa, yana nyuzi ngumu kuliko ya mtetea au kijogoo. Lakini ukiyatazama kwenye mwanga utaona kwamba sehemu ya katikati, karibu na uti wa unyoya, ina utando laini unaonyonya maji, na unyoya wenyewe ni mfupi, kiasi kwamba mmoja hautoshi kuzunguka ndoana mara za kutosha. Kule Marekani wafugaji wamechagua majogoo kizazi baada ya kizazi hadi wakapata manyoya marefu, membamba, yenye nyuzi za kimo kimoja na utando kidogo sana. Ngozi ya shingo ya jogoo wa namna hiyo huuzwa ghali. Wanaofunga nzi kwa soko la nje huyapata manyoya hayo kupitia anayewaagizia kazi.

Kwa hiyo jogoo wa nyumbani atumike kwa mazoezi na kwa nzi wa kuzama, ambao hata huhitaji unyoya laini. Ngozi ya shingo ioshwe kwa sabuni, isuguliwe chumvi upande wa ndani, ikaushwe kivulini na kuhifadhiwa kwenye chombo kinachofungika, la sivyo nondo na wadudu wengine wataimaliza.

Tahadhari moja ni muhimu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inahesabu manyoya ya ndege wa porini kuwa nyara, na kumiliki au kuuza nyara bila kibali ni kosa. Unyoya wa kanga wa porini, wa tai au wa ndege mwingine uliookotwa msituni hauhalalishwi na kuokotwa. Ngozi za wanyama wa porini nazo ni vivyo hivyo. Tumia manyoya ya kuku, bata na bata mzinga wa kufugwa, na sufu ya kondoo au manyoya ya sungura wa nyumbani.

Kufunga Adams

Nzi anayefaa kuanzia anaitwa Adams. Alifungwa mara ya kwanza mwaka wa 1922 na Len Halladay, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, akampa jina la rafiki yake Charles Adams, aliyemvulia. Haigi mdudu mmoja mahususi. Ni wa kijivu na kahawia, na rangi hizo zinakaribiana na za wadudu wengi wa mtoni, jambo linalomfanya atumike karibu kila mahali penye trauti. Kila hatua ya kumfunga inapatikana pia katika nzi wengine wengi wa kuelea, hivyo anayemmudu Adams ameshajifunza sehemu kubwa ya kazi.

Ndoana ikishashikwa na vaisi, uzi huanzia karibu na tundu na kuzungushwa kwa mpangilio hadi mwanzo wa mpindo. Ndoana tupu ni laini na unyoya huteleza juu yake. Tabaka hilo la uzi ndilo linaloupa pa kushika. Mkia hufungwa kwa nyuzi chache za unyoya wa kahawia zilizochanganywa na za unyoya wenye mistari meusi na meupe.

Mabawa ni ncha mbili za unyoya wa mistari, zinazosimamishwa wima theluthi moja kutoka kwenye tundu na kutenganishwa kwa uzi unaopita katikati. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wakufunzi wengine humruhusu mwanafunzi aache mabawa katika dazeni za kwanza, na hakuna ubaya. Nzi asiye na mabawa huelea vizuri tu na huvua samaki. Mabawa yarudi mkono ukishatulia.

Kiwiliwili hutengenezwa kwa manyoya laini ya kijivu. Halladay alitumia ya panya wa majini wa Amerika. Ya sungura wa kijivu yanafaa. Uzi hupakwa nta, manyoya hubandikwa juu yake kidogo kidogo na kusokotwa kwa kidole gumba na cha shahada, upande mmoja tu, hadi uzi uonekane kama uzi wa sufu mwembamba. Kisha huzungushwa kuelekea mbele, kiwiliwili kikiwa chembamba nyuma na kunenepa kidogo karibu na mabawa. Kiasi cha manyoya kinachoonekana kutosha huwa kimezidi. Chukua nusu yake, na ikibidi punguza tena.

Sasa zamu ya manyoya ya shingoni, moja la kahawia na moja la mistari. Nyuzi laini za chini hung'olewa, uti hufungwa kwenye shina, na koleo hushika ncha na kuuzungusha unyoya mara mbili au tatu nyuma ya mabawa na mara nyingine mbili au tatu mbele yake. Kila mzunguko ukae kando ya uliotangulia, usiukanyage. Unyoya wa pili hupitishwa katikati ya wa kwanza kwa kuuchezesha kushoto na kulia ili usilaze nyuzi zilizokwisha kusimama. Mwishoni uzi hufungwa kichwani kwa fundo la kujizungusha, hukatwa, na vanishi tone moja hutiwa kwa ncha ya sindano, bila kuziba tundu.

Makosa ya dazeni ya kwanza

Kosa linaloongoza ni kukosa nafasi kichwani. Mwanafunzi hufika karibu na tundu akiwa bado ana unyoya wa kuzungusha, anasukuma, na tundu linafunikwa. Mvuvi atakayejaribu kupitisha kamba hapo asubuhi na mapema, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, hatamnunua fundi huyo tena. Dawa yake ni kuweka alama tangu mwanzo: acha nafasi ya upana wa tundu lenyewe, na usiivuke kwa lolote.

Kosa la pili ni kukata kwa makasi nyuzi zilizo ndefu mno. Nzi huonekana nadhifu mezani, lakini ncha asilia ni nyembamba na hukaa juu ya maji kwa wepesi, ilhali iliyokatwa ni butu na hutoboa. Unyoya usiolingana na ndoana ubadilishwe, usipunguzwe.

Mtihani ni rahisi. Mwangushe nzi mezani kutoka kimo cha shibiri moja, mara kumi. Nzi aliyefungwa vizuri hutua mara nyingi akiwa wima, akisimama kwa nyuzi za mbele na mkia. Kisha mwangushe kwenye kikombe cha maji na umwache kwa dakika chache. Akilala ubavu, tazama kama nyuzi ni nyingi upande mmoja. Akizama kwa nyuma, mkia ni mchache au kiwiliwili kimenenepa. Wasitupwe waliofeli, wembe huondoa manyoya na ndoana hutumika tena.

Kwa nini dazeni

Nzi huagizwa na kulipiwa kwa dazeni, na hapo ndipo anayejifunza kwa ajili ya ajira hutofautiana na anayejifunza kwa ajili ya kuvua mwenyewe. Mvuvi anaridhika na nzi mmoja mzuri. Mnunuzi anataka kumi na wawili ambao, wakipangwa kwenye mstari, hamjui wa kwanza ni yupi. Mkaguzi huvuta unyoya, hutazama tundu, hulinganisha mikia, na anayetofautiana na wenzake hukataliwa hata kama peke yake angemvua samaki. Kasi huja baadaye, mkono ukishazoea, na anayeikimbilia mapema hulipia kwa nzi waliokataliwa.

Kwa sababu malipo ni kwa kazi iliyokubaliwa, anayepewa kazi ya kufungia nyumbani aulize mambo haya kabla ya kuanza, na apate majibu kwa maandishi: nani anatoa ndoana na manyoya, nzi waliokataliwa ni hasara ya nani, je wanarudishwa au wanabaki kwa mnunuzi, na malipo hufanywa siku gani. Swali la nzi waliokataliwa lina uzito. Mnunuzi akiwakataa lakini asiwarudishe, fundi hana njia ya kujua kama hawakuuzwa. Ajihadhari pia na yeyote anayemtaka alipe ada kubwa ya mafunzo kwa ahadi ya soko ambalo halionyeshi.

Kabla ya kwenda mtoni

Uvuvi wa trauti unahitaji leseni, na kuna masharti kuhusu aina ya chambo, kimo cha samaki na idadi anayoruhusiwa mtu kubeba. Maafisa wa uvuvi wa kaunti huyaeleza. Ndani ya mbuga za kitaifa za Aberdare na Mlima Kenya, mvuvi huingia kwa utaratibu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na asiende peke yake, kwa kuwa nyati na tembo hunywa maji kwenye mito hiyohiyo.

Mtoni, mpake nzi mafuta maalumu ya kuzuia maji kabla ya kumrusha, na akilowa mkaushe kwa kitambaa au kwa kumrusha hewani mara mbili tatu. Kijino cha ndoana kikibanwa kwa koleo, samaki mdogo hutolewa bila kuumia na kurudishwa, na ndoana ikimchoma mvuvi mwenyewe hutoka kwa urahisi. Saa nzuri ni zile ambazo maji ni maangavu na duara ndogo zinaonekana juu yake, dalili kwamba trauti wanakula juu. Mvua ndefu zikianza mwezi wa Machi na maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, samaki hamwoni nzi wa kuelea. Wavuvi wengi hukunja kamba, na miezi hiyo ndiyo hutumika kukaa kwenye vaisi.